Mashine Ilimsalimu, Haikumuuliza

Ninyi mnaojaza fomu ya bima ya maisha kwa kidole gumba huku mkisubiri chipsi ziive, kaeni kidogo niwaambie ilivyokuwa. Zamani fomu ile ilikuwa nene kama godoro. Ikishajazwa ilipanda lifti kuja kwetu ghorofa ya saba, na sisi ndio tulioamua kama kampuni ikuchukue au ikuache, na ikikuchukua, ulipe kiasi gani kwa mwezi. Kazi hiyo ina jina la Kiingereza ambalo marehemu mama yangu kule Kigoma hakuwahi kulitamka bila kujiuma ulimi. Yeye aliwaambia majirani, "Mwanangu Rajabu yuko Johannesburg, anapima watu watakaokufa lini." Niliporudi likizo, mtaa mzima ulivuka barabara uliponiona nakuja. Hata mbuzi walivuka.

Mimi hujiita mpimaji, basi. Unasoma habari za mtu usiyemwona: umri wake, uzito wake, kazi yake, vidonge anavyomeza, na baba yake alikufa kwa nini. Kisha unakadiria hatari ambayo kampuni inabeba. Si uganga. Ni hesabu, ni udaktari wa kuokoteza, na ni umbea uliovalishwa tai.

Nawaandikia kwa sababu juzi kijana mmoja muuza chipsi pale Kensington ninakoishi aliniambia, "Mzee, si kazi yenu sasa inafanywa na kompyuta? Mlikuwa mnafanya nini miaka yote?" Nilicheka, ila sikumjibu. Jibu lake ni hili.

Mimi sikuanzia ghorofa ya saba. Nilianzia mlangoni, na sare ya mlinzi iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mnene mara mbili yangu. Asubuhi moja nilikuta kwenye takataka kitabu chakavu cha viwango, kile ambacho wapimaji walikuwa wakikitazama ili kujua mtu mwenye ugonjwa gani alipe kiasi gani. Nikawa nakisoma nyuma ya meza ya mapokezi. Hapo ndipo aliponikamata Bi Govender.

Bi Govender alikuwa mkuu wa wapimaji, Mhindi wa hapa hapa Joburg, mfupi kama mimi nikikaa, mwenye sauti ya kusimamisha lifti kati ya ghorofa mbili. Nilijua kazi imekwisha.

"Umeelewa nini humo?" akaniuliza.

"Nimeelewa, mama, kwamba mvuta sigara analipa zaidi."

"Wewe unavuta?"

"Navuta, mama."

"Basi acha. Kisha nenda shule."

Niliacha. Kisha nikaenda shule, chuo cha jioni karibu na Newtown, miaka sita. Tulikuwa darasa la watu waliochoka: walinzi, wapishi, wauza soksi, dada mmoja msusi aliyekuwa akisuka hata mkoba wake mwalimu akigeuka. Mwalimu mwenyewe siku moja alisinzia akiwa ameandika nusu ya neno ubaoni. Tulimsubiri kwa heshima. Alipozinduka akamalizia nusu iliyobaki, na somo likaendelea. Kila nilipotaka kuacha, Bi Govender alinisimamisha mlangoni na kunidai matokeo ya mtihani, mbele ya wageni wote wa kampuni. Ninyi mnasema mama huyo alikuwa mkali. Mimi nasema kila shati jeupe nililowahi kuvaa ni lake.

Nilipopanda ghorofa ya saba, jambo la kwanza alilonifundisha ni kusoma faili kuanzia nyuma. "Mwanzoni mtu anaandika anavyotaka kuonekana," alisema. "Kufika ukurasa wa mwisho amechoka. Hapo ndipo anasema kweli." La pili ni kutoliamini jedwali kuliko macho. Niliwahi kumtoza zaidi bwana mmoja kwa sababu urefu na uzito wake, kwa mujibu wa jedwali, vilikuwa vya mtu aliyemeza friji. Bi Govender akanituma nikamwone. Nikamkuta ni mnyanyua vyuma, mwili wote ni jiwe. Alinipa mkono wa salamu, na vidole vyangu vilirudi katika hali yao wiki ya tatu. Nikamrudishia kiwango cha kawaida hata kabla sijaketi kitini.

Kosa hilo lilikuwa la kuchekesha. Lipo lingine ambalo halikuchekesha.

Kwa kuwa nilikuwa Mswahili pekee ghorofa ile, waombaji wote wenye Kiingereza cha shida waliletwa kwangu kwa simu. Warundi, Wakongo, Wakenya, Watanzania wenzangu, wote wangu. Nilijiona mfalme. Nilitaka kumwonyesha Bi Govender kwamba naweza kumaliza faili kumi kabla ya chai. Ndipo nikampigia Bwana Amisi, Mrundi, fundi wa saa aliyeishi Rosettenville na mkewe.

"Habari za afya, ndugu yangu?"

"Nzuri tu, alhamdulillahi."

"Moyo, presha, sukari, hakuna shida?"

"Tunamshukuru Mungu."

Nikaandika: afya njema. Faili likafungwa, na ada yake akailipa kila mwezi bila kukosa hata mmoja. Baada ya miaka miwili Bwana Amisi akafariki kwa moyo. Watu wa idara ya malipo walipoomba kadi yake ya kliniki, wakakuta alikuwa akitibiwa moyo huo tangu kabla sijampigia simu. Wakasema alificha. Wakakataa kulipa.

Mjane wake, Bi Zaituni, akaja ofisini akiwa na kadi ile mkononi, na mimi nikaitwa nimtafsirie barua ya kukataliwa. Nilitafsiri neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

"Moyo wa Amisi msikiti mzima ulikuwa unaujua. Ungemuuliza angekwambia."

"Nilimuuliza, mama. Aliniambia nzuri."

"Baba," akasema, "wewe ulimsalimu. Ulimuuliza lini?"

Wanangu, nimepigwa na mvua ya mawe ya Joburg, ile inayotoboa mabati, lakini sijawahi kupigwa kama siku ile.

Maana alikuwa na haki. Ninyi mliozaliwa hapa, mnaoelewa Kiswahili lakini mnajibu kwa Kizulu, pengine hamjui tulivyo. Sisi tukikutana: habari za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Nzuri. Za kazi? Nzuri tu, ila nyumba imeungua. Ndivyo tulivyo. Kwanza unampa mwenzako amani, ndipo unampa habari. Anayeanza na maradhi yake kabla salamu hazijaisha anaonekana hakulelewa. Mimi nimekulia humo, nimeinywea uji, halafu nikakata simu kabla ile "ila" haijatoka.

Bi Govender aliagiza kanda ya simu ile. Akanikalisha nimtafsirie kila neno, hata kukohoa. Kisha akaenda kuwakabili wakubwa akisema mtu yule hakuulizwa. Alipigana siku tatu, na akashindwa. Kampuni ilirudisha ada alizokwisha kulipa Bwana Amisi tu, si zaidi. Alipotoka kwenye kikao hakunigombeza. Alisema, "Rajabu, lugha yako ni mlango. Umeigeuza dirisha la kuchungulia ukipita mbio."

Tangu siku ile niliuliza mara tatu, kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe. Unamwacha mtu avute pumzi, usikie redio yake, usikie mtoto wake, usikie basi likipita, mpaka mwenyewe aseme, "Nzuri tu, mzee, ila..." Hapo unachukua kalamu. Bi Zaituni nilimtembelea kila Idi mpaka alipohamia Durban kwa dada yake. Hakuwahi kulitaja tena, na kila mara alinifungia sambusa za kuondoka nazo. Nimekula sambusa nyingi, lakini zile zilikuwa ngumu kumeza, na nashukuru kwamba alinipa.

Sasa mashine.

Bi Govender alikuwa amekwisha kustaafu ilipotangazwa kwamba roboti itaanza kusoma maombi. Hapa kwetu, mnajua, roboti ni taa ya barabarani, kwa hiyo Mzee Sipho wa usafi akauliza kikaoni kama itakuwa na nyekundu na kijani. Tulicheka mpaka meza ikahama. Kumbe alikuwa sahihi kuliko mkurugenzi! Mashine ilikuwa na kijani ya kukubaliwa papo hapo, njano ya kwenda kwa binadamu, na nyekundu ya kukataliwa. Kilichotuchukua sisi wiki tatu, yenyewe ilikimaliza kwa dakika nne. Ghorofa ya saba tulikuwa wengi kiasi cha kugombania birika; tukabaki watano na mmea mmoja, na mmea ndio uliokuwa na uhakika wa kazi.

Mnategemea niitukane? Hapana. Mashine haina Ijumaa jioni. Sisi tulikuwa na Ijumaa jioni, na faili lenye mwandiko mbaya lililofika saa tisa lilisukumwa mpaka Jumatatu, na mtu mwenyewe akingoja. Mashine haikunji uso ikiona anwani ya chumba cha kupanga La Rochelle, mtaa wa wageni wasio na kitu. Wapo wenzangu waliokunja, na siku nyingine, Mungu anisamehe, nilikunja mimi. Na mtu anayekosa kula asipofungua kibanda chake hakuwa na siku nzima ya kwenda kupimwa na daktari wa kampuni. Mashine ilimfuata kibandani.

Aliyeifundisha sheria zake ni Thandeka, binti wa Soweto, aliyeajiriwa kama mpimaji kisha akajifunza kuiandikia mashine. Aliniita Baba. Mimi nilimwita Bosi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na nywila. Miezi michache kabla ya kustaafu kwangu akaniletea maswali ya afya.

"Baba, tunataka watu wako nao wajibu kwa lugha yao. Mashine itawasomea kwa sauti kwenye simu. Nitafsirie, lakini yasiwe makavu. Yawe na ukarimu."

Ukarimu! Nani ananiambia mimi ukarimu? Nilikaa siku mbili nikiyasuka yale maswali kama mkeka. Habari za afya yako? Moyo salama? Presha haikusumbui? Sukari je, hakuna tatizo? Nilipoisikia ile sauti ya kike ikiyasema, laini, na adabu zake zote, machozi yalinilengalenga. Nikajipongeza kwa pai mbili za nyama.

Mmeshaona nilichokifanya? Mimi sikukiona.

Wiki sita kabla ya sherehe ya kuniaga, nilikwenda La Rochelle kupimwa koti. Fundi wangu ni Mama Neema, mwanamke wa Uvira, Mkongo, mjane, mwenye watoto watatu na cheko la kutikisa cherehani. Neema, binti mkubwa, alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari na hataki kitu ila uuguzi. Ndugu hawana katika nchi hii, hata mmoja. Koti lilikuwa limepigwa bandi, mkono mmoja umeshikizwa, mwingine uko mezani, na mimi nimesimama nimejaa pini kila upande kama nungunungu.

"Papa Rajabu, simama vizuri. Ukitingishika nitakushona na nyama," alisema, pini tatu zikiwa mdomoni. "Leo niko na furaha. Nimepata bima kwenu! Ile mashine ilinipokea dakika nne, hata chai haijapoa. Inaongea Kiswahili kizuri, voilà, kama dada wa kanisani. Sasa hata Mungu akiniita, Neema atasoma."

"Hongera, Mama Neema. Na afya yako?"

"Nzuri."

Sijui ni nini kilichonisukuma. Labda mazoea. "Mwili hauchoki?"

"Nzuri kabisa, Papa."

Nikauliza ya tatu, kuhusu usingizi. Kisha nikanyamaza. Cherehani kimya, Neema chumba cha nyuma akisoma kwa sauti masomo yake ya biolojia. Mama Neema akatoa pini mdomoni moja moja, akapunguza sauti.

"Niko muzuri tu. Ila mwaka jana nilianguka hapa hapa, wakanilaza hospitali juma nzima. Presha. Vidonge nameza kila asubuhi, ninavificha kwenye kopo la vifungo, Neema asivione akashindwa kusoma."

"Na mashine uliiambia?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama anapika kwa nguo za wateja. "Ilinisalimia. Moyo salama? Nikasema salama. Presha haikusumbui? Nikasema haisumbui. Sasa, Papa, mtu akikusalimia kwa adabu vile, unamwagia magonjwa?"

Bi Zaituni alisimama mbele yangu mle chumbani, wanangu, na kadi yake mkononi. Lile lile kosa langu, ila safari hii nilikuwa nimeipa mashine ilifanye usiku na mchana bila kupumzika.

Nikamwambia ukweli. Kwamba ile bima yake ni karatasi. Kwamba siku Neema atakapoidai, watafungua kadi ya kliniki, na mtoto ataandikiwa barua. Kwamba lazima apige simu kusahihisha, na akisahihisha huenda akapandishiwa ada, au akakataliwa kabisa.

"Kumbe!" Akarudi nyuma hatua mbili. "Mashine, kitu cha chuma, imenikubali. Wewe, mtu, jirani, nimekushonea kanzu tangu una nywele, ndiwe unakuja kuninyang'anya?"

"Mama Neema, nataka uwe nayo ya kweli."

"Na wakinikataa? Utamlipia Neema chuo wewe?"

Nikamsimulia habari za Bwana Amisi, nimesimama vile vile na pini zangu, mpaka lile neno la Bi Zaituni. Akaja, akanivua koti taratibu bila kunichoma hata mara moja, akaulaza ule mkono usioshonwa juu ya rafu.

"Nitapiga hiyo simu," alisema. "Lakini huu mkono unabaki hapa. Siku kampuni yako itakaponijibu, njo siku nitaushona. Wakinikataa, utaagwa na mkono mmoja."

"Mama Neema, watu watanicheka."

"Watoto wangu watalia. Chagua."

Asubuhi yake nilikwenda kwa Thandeka, nikafunga mlango. Nilimwambia maswali ya Kiswahili ni mabaya na kwamba mwenye ubaya ni mimi. Nilimweleza salamu zetu, nikamwigizia: nzuri, nzuri, nzuri, ila nyumba imeungua.

"Eish, Baba," akasema. Kisha akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ni wangapi wameshapita humo?"

Tukaenda wawili kwa mkurugenzi. Nilitegemea kunyimwa keki ya kuagwa, kwa uchache. Lakini Thandeka alisema mbele yangu kile alichokisema Bi Govender miaka ile na akashindwa: watu hawa hawakuficha, sisi hatukuuliza. Safari hii kulikuwa na maswali yaliyoandikwa, mashine inayaweka kila neno, hakuna wa kubisha. Ikaamuliwa kila aliyejibu kwa Kiswahili apigiwe simu na arekebishe bila kuadhibiwa. Hivyo mashine ambayo watu husema haina huruma ndiyo iliyotunza ushahidi wa kuwatetea. Nami nashukuru nilikuwa hai kuliona hilo.

Wiki zangu tano za mwisho kazini nilizimaliza kwenye simu. Mara tatu, kisha kimya. Wengi walikuwa nzuri kweli. Wachache walikuwa na "ila" zao: sukari, mgongo, bwana mmoja wa Bukoba alikuwa na figo moja na akaomba radhi kwa kutoitaja. Sikio langu liligeuka jekundu kama nyanya ya Oktoba. Thandeka aliketi pembeni akisikiliza asichokielewa, akihesabu vimya vyangu kwa saa. "Sekunde saba, Baba. Siku zote wanasema kwenye sekunde ya saba." Akaandika hiyo kwenye daftari lake. Miaka yote mimi nilidhani ni kipaji, kumbe ni saba.

Faili la Mama Neema sikuligusa, kwa kuwa ni mtu wangu. Nililikabidhi kwa Thandeka na kutamka hivyo kwa maandishi. Mashine ikampa njano. Thandeka akaomba ripoti ya kliniki. Kliniki haikujibu. Wiki ikapita. Akaomba tena. Mimi kila Jumamosi nilipita La Rochelle, naona mkono wangu juu ya rafu, Mama Neema ananipa "nzuri" moja tu, kavu, bila kiti. Jumamosi ya nne alinipa kiti. Alikuwa amemwambia Neema. Na Neema, badala ya kulia, alimnunulia kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba kwa siku saba za juma, na kumkagua kila asubuhi kama askari. "Huyu ataniua kwa kunipima," alilalamika, akijaribu kuficha fahari.

Siku ya kuagwa ikafika, faili bado njano. Nilivaa shati na tai, koti nikalibeba begani upande wenye mkono ukitazama nje, nikasubiri mapokezini. Saa nne kasorobo Thandeka akashuka mbio kwa ngazi, hakungoja lifti. Mashine imempa kazi binadamu, na binadamu amemaliza: presha imetulia, vidonge vinamezwa bila kukosa, amekubaliwa, kwa nyongeza ndogo ya ada. Nikampigia Mama Neema nikiwa sijui nitaanzaje.

"Habari za asubuhi, Mama Neema?"

"Papa, leo usinisalimie. Sema!"

Nikasema. Ule mlio alioutoa, nina hakika uliwasha honi za magari mpaka Pretoria.

Baada ya saa moja aliingia mapokezini na ule mkono wa koti umekunjwa kwenye gazeti. Mlinzi kijana alitaka kumzuia. Nikamwambia, mwache, mwanangu, huyo ni fundi wa kampuni. Akanisimamisha pale pale, kando ya ile meza nilikokamatwa na kitabu cha takataka, akatunga sindano, akaanza kushona mkono begani mwangu, wageni wakipita, wakurugenzi wakipita, lifti ikifunguka na kujifunga. Simu yangu ilikuwa kwenye meza, na ndani yake Bi Govender, mzee sasa, akitazama kwa video kutoka kwa wajukuu wake. Sauti ile ile. Walinzi wawili walisimama wima bila kujua kwa nini.

"Rajabu! Kwa nini unashonwa mlangoni?"

"Ni hadithi ndefu, mama."

"Basi ianzie nyuma."

Nilipotaka kumlipa Mama Neema alikata uzi kwa meno, akapiga bega langu kofi. "Koti ni la kununua. Mkono ni zawadi," alisema, kisha akapanda juu kula keki.

Sasa mimi ni mstaafu wa Kensington, nanunua mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani, nabishana na kijana wa chipsi. Neema yuko mwaka wa pili wa uuguzi na mama yake bado ananitisha na pini. Mwezi uliopita Thandeka alinitumia ujumbe: "Baba, maswali mapya ya Kiswahili yako tayari. Yajaribu wewe wa kwanza." Mimi mwenyewe nilikuwa nahitaji bima ndogo ya mazishi, wanangu wasije wakapitisha bakuli. Nikavaa miwani, nikabonyeza.

Sauti ile ya dada ikaniuliza nimeenda kliniki lini mara ya mwisho. Ikauliza vidonge gani nameza, nivisome kwenye kopo. Nikajibu jibu, haraka haraka, kama mtu mwenye basi la kuwahi. Ikauliza kwa jumla najisikiaje.

"Nzuri tu," nikasema.

Ikanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika. Nikaitazama simu. Nikasikia redio yangu, nikasikia mbwa wa jirani, nikasikia teksi ikipiga honi kona ile. Moja, mbili, tatu. Kwenye ya saba, ile sauti ikasema kwa upole:

"Ila?"

Nilicheka mpaka miwani ikadondoka. Kisha nikaacha kucheka, nikafunga redio, nikaieleza sukari yangu ambayo hata daktari naye nilikuwa nikimpa nusu nusu, na ganzi ya mguu wa kushoto ambayo sijamwambia mtu. Ada ilipanda kidogo. Nailipa kwa moyo mweupe.

Maana safari hii, wanangu, sikusalimiwa tu. Niliulizwa.